Nyumbani Wamesemaje

Mwanamke aliyenitia wivu kuliko wote maishani mwangu alikuwa anavaa raba nyeupe chini ya gauni la kitenge, na kwa umri angeweza kumwita mume wangu mwanangu. Laiti angekuwa msichana wa kope za kubandika, ningejua la kufanya. Mie nimezaliwa Tandika, nimelelewa na mashangazi, vita vya namna hiyo nilifundishwa kabla sijafundishwa kupika. Lakini mwanamke mtu mzima, miwani kaifunga kamba shingoni, anafundisha chuo kikuu habari za masoko ya fedha ya kimataifa na hatari ya sarafu, unamvaa vipi? Utamfuata umwambie nini, aache kumfundisha mumeo?

Kwetu Goba alikuwa anaitwa Mwalimu, basi. Jina lake nalijua, ila mpaka leo likitajwa nachukua muda kutambua anasemwa nani. Vyeo alikuwa navyo, na vyeti vya nje, lakini mtu akimwita Dokta alikuwa anageuka nyuma kutazama ni nani anayeitwa. Alitaka Mwalimu. Na mume wangu, ambaye kwa kawaida ni mtu wa kumung'unya maneno, akifika kwenye neno hilo alilitamka lote, taratibu, hadi nikatamani kumwekea kitambaa mdomoni. Mwalimu kasema. Mwalimu hapendi. Mwalimu leo alituchekesha. Nikimwekea chakula, Mwalimu. Nikimwambia mtoto kaamka na homa, Mwalimu naye leo alikuwa na mafua.

Nieleze kwanza kwa nini iliniuma, maana wivu usio na sababu ni uchizi na mie si chizi. Mimi na mume wangu tulisoma stashahada ya biashara darasa moja. Nilimzidi alama. Hilo hata yeye halikatai, mbele za wageni huwa analisema kwa kicheko. Tulipopata kazi, yeye kwenye kampuni inayoagiza marumaru kutoka nje, mie kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, tukaomba shahada ya masomo ya jioni, wote wawili, na wote wawili tukapata nafasi. Lakini mwanetu Rahma alikuwa bado ananyonya, na Goba ya wakati ule ilikuwa vilima na vumbi, ukitoka mjini jioni unafika watu wameshalala. Tukakaa kitako tukapanga: atangulie mmoja, akimaliza aingie mwingine. Atangulie yeye, kwa sababu maziwa ninayo mie. Akimaliza, jioni atabaki yeye na mtoto, mie niende darasani. Alinishika mkono akasema, "Zamu yako ipo, Mama Rahma. Haiendi popote." Nikaridhika.

Kwa hiyo kila habari ya Mwalimu niliisikia kama mke, kisha nikaisikia tena kama mtu aliyempisha mwenzie kiti. Kuna siku nilikuwa simjui ninayemwonea wivu ni nani hasa, yeye Mwalimu aliyempata mume wangu, au mume wangu aliyempata Mwalimu. Nadhani wote, kwa zamu.

Sasa sikia huyo mama alivyokuwa anafundisha. Chuoni somo ni la Kiingereza, kitabu cha Kiingereza, mtihani wa Kiingereza. Yeye alifundisha hivyo hivyo, lakini kipindi kikikaribia kwisha alikuwa anafunga mlango, anafuta ubao wote, anasema, "Haya, nielezeni kwa Kiswahili mlichosikia." Watu wakawa wanakwama. Mtu kaandika kurasa za Kiingereza kizuri, anapanda cheo ofisini kwa Kiingereza hicho hicho, akiambiwa aseme kwa lugha ya mama yake anaanza kutazama dari. Halafu anawapa kazi ya nyumbani, na kazi haikubadilika muhula mzima: ukifika kwako, mweleze somo hili mtu ambaye hajalisoma. Mkeo, mumeo, mama mwenye nyumba, mlinzi wa geti, shauri yako. Na urudi na swali lake. Kipindi kinachofuata, kabla hajaweka mkoba mezani, anasimama pale mbele na kuuliza, "Nyumbani wamesemaje?" Asiye na swali la nyumbani alipelekwa viti vya nyuma, na siku hiyo hata akinyoosha mkono haonekani.

Basi mie ndiye nikawa huyo nyumbani. Siku za kazi mume wangu alirudi kachoka, kwa hiyo nilipewa somo langu Jumamosi asubuhi nikifua. Anakuja na kiti cha plastiki, anakaa karibu na beseni. "Mama Rahma, nikueleze."

Somo la kwanza ninalolikumbuka lilikuwa la marumaru. "Mchukue bosi wangu," akaanza. "Kaagiza mzigo nje, bei wamekubaliana kwa dola, atalipa baada ya miezi mitatu. Wateja wake ni watu wa hapa, wa Goba, wa Kibamba, wanamlipa shilingi. Katikati hapo dola ikipanda, marumaru ni yale yale, lakini shilingi za kulipia zimeongezeka, na bei kashawatajia watu. Hiyo ndiyo hatari ya sarafu. Mwalimu kasema hatari si dola kupanda au kushuka, hatari ni kuahidi leo kwa hela ambayo wewe mwenyewe huipati."

Nilikuwa nakamua shuka. Nikamuuliza, kwani lazima aahidi yeye kwa dola? Kwa nini yule wa huko asikubali kulipwa kwa shilingi, wasiwasi ukae kwake?

Akanitazama. "Hilo nitampelekea," akasema.

Alirudi wiki ile uso umemjaa furaha. Mwalimu kaacha somo alilokuja nalo, kafundisha swali hilo kipindi kizima. Kawaambia hatari haipotei, inasukumwa, na ukitaka kujua nani ana nguvu katika biashara yoyote usitazame nani anauza au nani ananunua, tazama nani kaachiwa wasiwasi. Mume wangu alisimulia huku kasimama, mikono inapaa. Mie nilikaa kwenye kigoda nikajisikia kama nimetajwa redioni. Nikamuuliza, "Ulimwambia kauliza nani?"

"Si nimesema nyumbani," akajibu. "Utaratibu ndio huo, tunasema nyumbani wameuliza."

Wiki nyingine akaja na kinga. Mtu anakwenda benki leo, wanapatana bei ya dola atakazozichukua miezi mitatu mbele, hata ije mvua au jua bei ni ile. Nikauliza, na dola ikishuka je, si atakuwa kajifunga mwenyewe? Likapelekwa. Nikauliza, na hiyo benki iliyomuuzia kinga, yenyewe inakingwa na nani? Hilo nalo likapelekwa. Nikawa Jumatatu nakwenda kazini nikiwa na maswali kichwani, nayapanga kwenye foleni ya magari, nachagua lipi nimpe Jumamosi. Sikumwambia mtu. Ofisini wakiniona natabasamu walidhani nina mimba.

Shoga yangu wa nyumba ya pili, ambaye ukuta wetu ni mfupi na masikio yake ni marefu, alinivumilia mpaka akachoka. "Shoga, huyu mumeo anasoma au anachumbia? Maana mie wangu hata mama yake hamtaji hivi."

"Ni bibi kizee," nikamwambia.

"Ndio wabaya hao. Kijana unamfukuza, bibi kizee unamwandalia chai."

Tulicheka, lakini mie neno lake niliingia nalo ndani.

Nilimwona kwa macho yangu mara ya kwanza siku ya testi, mume wangu alipoacha kitambulisho mezani na bila hicho hawamwingizi. Nikaomba ruhusa kazini, nikampelekea. Nilikuta testi bado, darasa linaendelea, nikasimama koridoni kwenye dirisha. Mwalimu alikuwa anatembea kati ya viti, ana karanga kwenye karatasi, anatafuna huku anafundisha. Mfupi, mnene kiasi, sauti kubwa kuliko mwili. Mume wangu kakaa mbele kabisa, kaegemea meza, kaachama kama mtoto anayetazama katuni. Ule uso sikuwahi kupewa mie, hata wakati wa uchumba. Halafu nikatazama ubaoni. Juu kabisa, kwa chaki, palikuwa na swali langu, lile la benki inakingwa na nani, na chini yake kaandika: Nyumbani. Darasa zima linakuna kichwa. Mie jibu nilikuwa nalo, nimelifikiria wiki nzima kwamba nayo itamtafuta mtu wa upande wa pili, muuza kahawa au korosho nje ambaye anasubiri dola na anaogopa zishuke, impatanishe na huyu anayeogopa zipande. Nilikuwa nalo, na nilikuwa nje ya dirisha na kitambulisho cha mtu mwingine. Jamani, nilimchukia yule mama siku ile. Nilimchukia na raba zake.

Tangu hapo nikawa naokota kasoro zake. Sikuzikosa. Mtu wa kufundisha watu kujikinga, lakini gari lake kuukuu halina tairi la akiba, na likimharibikia njiani alikaa ndani akisahihisha testi mpaka apite mwanafunzi wake amsukume, na kwa kweli mmoja alikuwa anapita kila mara. Mtu wa kuhubiri usiweke mali yako yote sehemu moja, kumbe yeye mali yake yote ipo kwenye kiwanja kimoja cha mlimani huko Madale, nyumba imeezekwa nusu, sebuleni hakuna dari. Alikuwa anafukuza anayechelewa darasani, na mwenyewe kila sherehe aliyoalikwa alifika wakati wanakunja turubai. Sokoni alikuwa anabishana na muuza nyanya kwa nini bei imeshuka tangu juzi, anataka sababu, na asiporidhika na sababu analipa ile ya juzi na kuondoka kakasirika. Kusahihisha hakuwa na huruma hata kidogo, alimpa sapu mtu wa benki mwenye mvi, arudie mtihani, yule baba akatoa machozi koridoni. Habari za mume wake sikuzipata, na niliziulizia.

Nikawa namrudishia mume wangu kasoro hizo moja moja, kama kwa utani. Hazikumwingia. "Ndivyo alivyo," anasema, na tabasamu juu.

Kisha kuna kisa alichonisimulia Jumamosi moja kama kichekesho. Kulikuwa na mwanafunzi mwenzao wa kike, kajifungua katikati ya muhula. Testi ilimpita akiwa wodini, na siku ya kuifidia mtoto hana wa kumwachia. Mwalimu akamwambia njoo naye. Akamkalisha yule dada ofisini kwake kuandika, na mwenyewe akambeba mtoto mgongoni kwa khanga, akaingia nacho kichanga darasani, akafundisha somo zima akimbembeleza, na kila akitaja dola mtoto analia, darasa likafa kwa vicheko. Mume wangu alicheka tena alivyokumbuka. Mie niliacha kufua. Rahma alikuwa anatambaa pale uani. Kumbe ilikuwa inawezekana. Mwenye mtoto wa kunyonya alikuwa amekaa kwenye chumba kile, anaandika, na mtu kamshikia. Mume wangu akaniuliza mbona hucheki, nikamwambia sabuni imeniingia jichoni.

Alipomaliza shahada tulifanya sherehe nyumbani. Pilau, turubai, wenzake wa darasa wote. Nilikuwa na furaha ya kweli siku hiyo, maana mie kumaliza kwake nilikuhesabu kuwa ni kuanza kwangu. Wenzake wakiambiwa huyu ndiye mke wanashtuka, "Kumbe wewe ndiye Nyumbani!" Mmoja akanishika mikono yote miwili, akasema maswali yangu yalimfaulisha. Nikacheka, nikaenda jikoni nikasimama kidogo peke yangu, kisha nikarudi na sinia.

Mwalimu alifika pilau imeshapoa. Nikampelekea sahani mwenyewe, nikapiga goti kidogo kama tulivyolelewa. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye maswali."

"Ndiye mie," nikasema. Miaka yote ile nilikuwa namsema, na sasa aliponitazama nilitaka anisifie. Huo ndio ukweli wa wivu wangu.

"Na sasa?" akaniuliza.

Nikajibu kama watu wanavyojibu kwenye sherehe. "Sasa tunamshukuru Mungu, Mwalimu. Tumefika."

Aliniangalia kwa muda. Kisha akaitazama sahani. "Haya," akasema. "Kila mtu na uamuzi wake." Akageuka akaanza kuzungumza na kijana wa kulia kwake, na mpaka anaondoka hakunisemesha tena. Nilipokea sahani yake mkononi, hakuniangalia. Nikajisemea, yaleyale niliyoyahisi tangu mwanzo, mama ana maringo. Kwake yeye mie ni mpishi wa mwanafunzi wake.

Haukupita mwezi, mume wangu akanikalisha. Nilidhani tunapanga mambo ya kuomba kwangu. Akasema, "Mwalimu kaniita. Kasema nisiache moto upoe, niunganishe na uzamili moja kwa moja. Kasema mtu kama mimi akikaa miaka miwili nje kichwa kinalala."

"Na zamu yangu?"

"Miaka miwili tu, mke wangu. Nami nilimwambia nina makubaliano na mke wangu. Lakini Mwalimu mwenyewe kasema."

Nami sikubisha, maana nibishane na nani? Na mume wangu nimeshabishana mara nyingi, najua anavyobishana, najua anavyoshindwa. Lakini alikuwa kaniletea neno la mtu ambaye hayupo chumbani. Uzamili ukaja. Katikati yake nikapata mimba ya pili. Ukaisha, kazi yake ikakua, akawa anasafiri. Watoto wakaanza shule, mama yangu akaugua Tandika nikawa natoka kazini napitia huko. Kila mwaka nilisema mwakani. Sikumbuki mwaka nilioacha kusema. Siku hizi anaitwa kwenye semina za wafanyabiashara kuwaeleza kinga na hatari, na niliwahi kukaa nyuma kwenye ukumbi mmoja nikamsikia anawaambia watu mia, tazama nani kaachiwa wasiwasi. Wakampigia makofi. Nami nilipiga.

Kelele zangu zote nilimpigia Mwalimu, kimoyomoyo, kila nilipopita njia ya Madale. Tulikutana naye mara kadhaa, msibani, sokoni Tegeta, harusi ya mtu. Shikamoo, marahaba, basi. Mume wangu akimwona alikuwa anachangamka lakini haniachi karibu naye muda mrefu, mara niitwe nije niwasalimie hawa, mara gari limezibwa tusogee. Niliona ni staha, hataki tumchoshe mzee.

Mwaka huu, Mwalimu kashastaafu, akaanguka kwenye ngazi za nyumba yake, mguu ukavunjika. Mume wangu alikuwa anataka tuende pamoja, lakini pampu ya kisima ilikuwa imekufa na fundi yuko Madale huko huko, anapatikana saa hiyo tu. Akaniteremsha kwenye geti la Mwalimu. "Msalimie, mpe huo unga wa uji, usikae sana. Nakupitia sasa hivi."

Nilimkuta barazani kwenye kochi, mguu mmoja umefungwa plasta na kuwekwa juu ya stuli, mwingine una raba. Kakonda. Sauti ndiyo haikukonda. Msichana wake wa kazi alinipa kiti, akaenda zake ndani.

"Shikamoo, Mwalimu. Pole na mguu."

"Marahaba. Pole nimechoka nazo, ila asante. Mumeo yuko wapi?"

"Kaenda kwa fundi pampu. Atanipitia."

"Bado anaongea sana?"

Nikacheka bila kutaka. Akacheka na yeye. Mlima wote wa Madale ulikuwa unagongwa nyundo, kila kiwanja kina fundi. Nilikuwa nimeshajiandaa kusema basi Mwalimu mie nakuacha upumzike, akaniwahi.

"Nina swali limekaa na mimi miaka," akasema. "Nisamehe kama ni la kuudhi, mtu akifungwa mguu anafikiria mambo ya zamani. Kwa nini ulikataa?"

"Nilikataa nini?"

"Shule."

Nikamtazama. Akaendelea, taratibu, kwa ile lafudhi yake ya bara isiyo na haraka. "Mumeo alipokuwa mwaka wa mwisho nilimwita ofisini. Nikamwambia, haya maswali unayoniletea si ya mtu wa kukaa nje ya darasa. Mlete huyo mke wako. Kama ni mtoto, tutajua la kufanya na mtoto, nimeshabeba wengine. Nafasi nitaisimamia mwenyewe. Akarudi akaniambia umekataa, umesema shule imekutosha, unataka kutulia na mtoto wako. Nikamwambia kamuulize tena. Akasema kakuuliza na umekasirika, unaona nakuingilia. Basi nikaacha. Lakini iliniuma. Hata siku ile ya pilau yenu nikasema ngoja nimuulize mwenyewe, na sasa? Ukaniambia mmefika."

Nikauliza lililokuwa karibu na ulimi. "Na uzamili? Si wewe uliyemwambia aunganishe?"

"Mimi?" Akavua miwani. "Mimi nilimwambia akae na mtoto, wewe uje."

Nikafikiria Jumamosi zile zote. Beseni, kiti cha plastiki, maneno yanavyokwenda na kurudi. Mume wangu alikuwa ananiletea la huku, anampelekea Mwalimu la kule, na katikati yetu hakukuwa na mtu mwingine. La kumfaa alilifikisha. Lisilomfaa alilitua njiani, akafika mikono mitupu na uso mkunjufu, kwangu na kwake. Na mie miaka yote hiyo hasira zangu nilikuwa nazipeleka kwenye nyumba hii.

"Mwalimu," nikasema, "mie sikuulizwa."

Nyundo ziligonga. Alinitazama kama alivyonitazama siku ya pilau, ila safari hii hakugeuka.

"Nilikuona mvivu," akasema. "Mtu kapewa kichwa hakitaki."

"Mie nilikuona una maringo."

"Maringo ninayo," akasema. "Hilo hukukosea."

Sikujua nicheke au nilie, nikafanya yote mawili kidogo, nikajifuta kwa mtandio. Nilikuwa na mambo mengi ya kumwambia na nilikuwa sina hata moja. Wivu wangu nilioulea kwa miaka ulikuwa umekaa mapajani pamoja na mkoba, sina pa kuuweka.

Getini honi ikalia. Naijua honi ya gari letu kama ninavyoijua sauti ya mwanangu. Nilinyanyuka kwa mazoea tu, mkono umeshashika mkoba, miguu imeshaelekea ngazini.

"Kaa," akasema Mwalimu.

"Ananisubiri."

"Mwache apige honi. Ulitaka kusoma nini?"

Nikasimama pale na mkoba wangu. Katika maisha yangu yote ya utu uzima hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo akanyamaza kungoja jibu. Nikarudi nikakaa.

"Haya haya," nikamwambia, na sauti ilinitoka ya mtu mwenye hasira. "Haya haya unayofundisha. Tangu mwanzo."

Akavaa miwani yake. Msichana wa kazi akatokea mlangoni, akauliza akafungue geti? Honi ikalia tena, ndefu safari hii, na Mwalimu akamwonyesha kwa kidole arudi jikoni.